Barua ya wazi kwa mnaotoa vibali vya ujenzi: njooni kabla zege halijamwagwa

Kwenu wakubwa wetu, mnaotunga kanuni za ujenzi, mnaokaa dirishani kupokea maombi, na nyie wakaguzi mnaozunguka mitaani na mafaili yenu,

Salaam na heshima zenu nyingi. Mimi ni fundi zege, kazi hii nimeifanya miaka 19 sasa, na sehemu kubwa ya hiyo miaka sikuwa kwenye maghorofa, nilikuwa majumbani kwa watu, kumwaga baraza la nyuma ya nyumba ili familia ipate pa kukaa jioni, njia ya gari kutoka getini mpaka mlangoni, kinjia cha kupita pembeni ya ukuta, jamvi, yani zege bapa lililolala chini, la kuwekea tenki la maji. Ni kazi ambazo watu wanaziona ndogo, na nahisi hata huko ofisini mnaziona ndogo, ndo maana utaratibu wake umekaa hivi ulivokaa, mtu hajui aulize wapi, akiuliza sehemu mbili anapata majibu mawili, na akimaliza kujenga ndo anaambiwa alitakiwa aanze na nini.

Nawaandikia kwa jambo moja tu. Zege mlikague kabla halijamwagwa. Yote nitakayosema humu yanarudi hapo hapo.

Nianze na njia ya gari ya mzee mmoja, mstaafu, nyumba yake ameijenga taratibu kwa miaka mingi na kitu cha mwisho kabisa kilikuwa hiyo njia. Sikuimwaga mimi, alimwaga fundi mwingine, mimi niliitwa kuja kuvunja. Yule mzee kabla hajaanza alienda ofisini kama inavyotakiwa, akauliza, akajibiwa dirishani kwamba njia ya gari ndani ya kiwanja chako haihitaji kibali, nenda tu mzee kaendelee na ujenzi. Akaenda akajenga. Kama miezi mitatu baadae akaja afisa wa ofisi nyingine ana barua mkononi, kwamba kipande cha mbele, kuanzia ukuta wake mpaka lami, kiko kwenye hifadhi ya barabara, kilitakiwa kuombewa kibali cha upande wa barabara, hakikuombewa, kwahiyo kivunjwe. Na kwa kweli wote wawili walisema sahihi. Wa kwanza alikuwa anaongelea kiwanja, wa pili anaongelea barabara, na katikati yao hakuna aliyemwambia yule mzee kwamba njia yake anayoiona moja, kwenye makaratasi ni mbili.

Tukaleta mashine ya kuvunjia, tukaanza upande wa barabarani. Kipande cha kwanza kilivyonyanyuka nikasimamisha mashine nikamwita mzee aje aone mwenyewe. Ukingoni zege lilikuwa na sentimita 10 kamili, hapo ndo mahali ambapo mtu akipima kwa macho anaridhika, lakini ukiingia ndani kama mita moja hivi lilikuwa sentimita 6. Wayamesh, ule wavu wa chuma unaokaa ndani ya zege, yote ilikuwa chini kabisa, imelala kwenye udongo, imeacha alama zake za miraba miraba kwenye tope na imeshaanza kuota kutu. Chini yake hakuna kokoto hata moja, ni kifusi laini, nikichomeka nondo ya milimita 12 kwa mkono inazama mpaka inapita kiwiko. Bomba la maji ya nyumba lilipita hapo hapo, kati yake na zege hapaingii hata vidole vitatu. Na upande wa ndani, ambao barua haikuugusa, mteremko ulikuwa unaelekea nyumbani, ukutani kwa chini kulishakuwa na mstari wa unyevu urefu wa kiganja. Mzee akaniuliza kwahiyo hata huku ndani kungepasuka? Nikamwambia ndio mzee wangu, kungepasuka, ni suala la muda tu.

Sasa wakubwa zangu liangalieni hilo vizuri. Zege lile lilivunjwa kwa kosa la makaratasi, na lilipovunjwa ndo tukakuta makosa matano ambayo hakuna karatasi hata moja iliyouliza. Dirisha la kwanza halikuuliza, afisa wa pili hakuuliza, na kama mzee angelipa faini ya kurasimisha badala ya kuvunja, angepewa muhuri na makosa yote matano yangebaki pale chini yamefunikwa.

Ukuta wa matofali ukikosewa utauona, utaweka pimamaji, utagonga, utatoa tofali moja urudishe. Jamvi halina hiyo nafasi. Zege likishatoka kwenye mashine una muda mfupi sana, kwenye lori la zege wengi wanashika ile dakika 90 toka maji yakutane na saruji mpaka limalize kumwagwa, na jua likiwa kali hata huo muda ni mwingi. Jioni yake unatembea pembeni kwa uangalifu, kesho yake ni jiwe. Na kila kitu cha maana kuhusu lile jiwe kiko chini, unene, chuma, kokoto, mshindilio, mabomba. Juu unabaki na sura tu, na sura nzuri inapatikana kwa kupiga mwiko vizuri hata kama chini hamna kitu. Kwahiyo mkaguzi anayekuja baada ya zege kukauka, hata awe mwaminifu kiasi gani na mwenye elimu kiasi gani, anakagua sura. Siwalaumu wakaguzi hapa maana wengi nimefanya nao kazi na ni watu wanaojua, ila wanatumwa wakati kazi imeshaisha.

Akija siku moja kabla anamaliza kwa dakika 20. Anakuta fremu za mbao zimesimama, anaweka tepu, kama ni baraza la watu kukaa sentimita 10 inatosha, njia ya gari dogo vilevile sentimita 10 kwa uchache, lakini kama kuna lori la maji au la taka litakuwa linaingia basi 12 na nusu mpaka 15, na hilo ni swali ambalo mwenye nyumba aulizwe kwenye fomu, ni gari gani zito kuliko yote litakanyaga hapa? Anaangalia kokoto iliyoshindiliwa chini, sentimita 10 mpaka 15, anakanyaga kwa kisigino. Wayamesh iwe imenyanyuliwa kwenye vile vipande vya zege tunavyoviita biskuti, ikae katikati ya unene au juu kidogo ya katikati, maana chuma kilicholala kwenye udongo hakishiki ufa wowote, na hii tabia ya kusema tutainyanyua kwa ndoano wakati tunamwaga mimi nimeshaiona mara nyingi mno, mafundi wanainyanyua hapa, hatua mbili mbele wanaikanyaga inarudi chini. Alafu anavuta kamba kutoka ukutani mpaka ukingo wa nje, anapima mteremko, sentimita 2 kwa kila mita, kuondoka kwenye nyumba. Mwisho anaangalia pale zege linapokutana na ukuta, kuwe na utenganisho wa kama milimita 12 umejazwa kitu laini ili jamvi likitanuka kwa joto lisisukume nyumba, na uso wa zege ukae sentimita 15 chini ya ule mkanda wa kuzuia unyevu unaopita ndani ya ukuta, sio juu yake. Basi. Hapo anasaini, watu wanamwaga kesho yake.

Na mkumbuke baada ya hapo hakuna kurudi bila gharama. Njia ya gari ya mita za mraba 30 kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 3, na zege mita moja ya ujazo lina uzito wa karibu tani 2.4, kwahiyo mnapomwandikia mtu barua ya kuvunja kitu kidogo kama hicho mnamwambia abebe zaidi ya tani 7 za kifusi kutoka mlangoni kwake atafute pa kuzitupa. Na kifusi cha zege hakipotei, kitaishia mahali.

Kuna watu watasema kwanini basi tusumbuane, vitu vya nyumbani viachwe huru, mtu amwage anavyotaka kwenye kiwanja chake. Mafundi wenzangu wengi wanasema hivo na mimi nilikuwa nasema hivo. Nilichokuja kubadilika ni kwenye maji. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita 1, hesabu ndogo tu. Sasa chukua njia ya gari na baraza vya mita za mraba 60, mvua ya milimita 25 ambayo ni ya kawaida kabisa, hizo ni lita 1,500, mapipa saba na nusu ya lita 200, ambayo jana yalikuwa yanaingia ardhini na leo yanakimbia juu ya zege kutafuta pa kwenda. Kama hukuyapangia njia yatajipangia yenyewe, na mara nyingi yanapita chini ya ukuta kwa jirani au yanarudi kwenye msingi wako. Nyumba moja sio tatizo. Mtaa mzima ukiziba ardhi yake hivo, nyumba kwa nyumba, mtaro wa barabara uliochimbwa zamani wakati mbele ya kila nyumba kulikuwa na majani unazidiwa, na watu wanashangaa mbona mafuriko yameanza kufika huku wakati mvua ni ile ile.

Kule Uingereza walilitazama hili baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 2007, na kuanzia Oktoba 2008 upande wa England wakaweka kanuni fupi ambayo mimi naiheshimu sana. Ukitaka kusakafia mbele ya nyumba yako eneo linalozidi mita za mraba 5 kwa kitu kisichopitisha maji, unahitaji ruhusa, isipokuwa kama maji yake umeyaelekeza kwenye sehemu ya ardhi yako mwenyewe inayoyanyonya, bustani au kitanda cha maua. Ukitumia kitu kinachopitisha maji hamna shida, endelea. Mnaona uzuri wake? Hawakuuliza unatumia saruji gani wala fundi wako nani, wameuliza maji yanaenda wapi, na mwenye nyumba akilijibu hilo vizuri hana haja hata ya kupanga foleni. Kanuni inamfundisha mtu kujenga vizuri kabla haijamtoza chochote.

Marekani nako kuna kitu cha kujifunza, ila cha upande mwingine. Ile kanuni ya mfano ya nyumba za kuishi wanayoiita IRC, ambayo majimbo mengi yameichukua na kuirekebisha, imeziondoa njia za gari na vinjia vya miguu kwenye orodha ya vitu vinavyohitaji kibali cha ujenzi. Watu wakisikia hivo wanafurahi. Lakini kanuni hiyo hiyo inasema wazi kwamba kusamehewa kibali sio ruhusa ya kufanya kazi kinyume na kanuni zenyewe, mteremko wa asilimia 2 kuondoka kwenye nyumba uko pale pale kwa zege lililo ndani ya futi 10 kutoka kwenye msingi. Na miji yenyewe ina masharti yake mengine juu ya hapo, umbali kutoka mpakani, kiasi gani cha kiwanja kinaruhusiwa kufunikwa, na kile kipande kinachogusa barabara ya umma mara nyingi kina kibali chake peke yake.

Hii sentensi ndogo, kusamehewa kibali sio kusamehewa kanuni, naomba muibandike kwenye madirisha yenu yote. Maana neno "haihitaji kibali" likitoka kwa mtu wa ofisi, raia analisikia kama "fanya unavyotaka", na fundi wake analisikia hivo hivo mara mbili. Yule mzee wangu angeambiwa tu sentensi mbili zaidi, kwamba mzee kibali cha ujenzi hauhitaji lakini kipande cha nje ya ukuta kaulize ofisi ya barabara na hakikisha maji hayarudi nyumbani, asingevunja kitu.

Na hapo hapo dirishani waambiwe ni lini baraza linaacha kuwa baraza. Watu wengi hawajui. Jamvi lililolala chini ni kitu kimoja, lakini ukisimamisha nguzo nne na paa juu yake sasa kuna upepo unavuta paa, kuna msingi wa nguzo, hicho ni jengo. Ukilinyanyua likawa juu ya ardhi kiasi cha mtu kuanguka na kuumia, linahitaji kingo na ngazi na mtu wa kulipigia hesabu. Likipita juu ya tenki la maji taka au chumba cha chini, usithubutu bila mhandisi. Mwenye nyumba anakuja na maneno "nataka kibaraza" na moyoni ana mpango wa paa mwakani, na fundi anamwaga sentimita 10 bila msingi wa nguzo, mwakani nguzo zinasimamishwa juu ya jamvi jembamba linapasuka kwenye kona. Swali moja la kwenye fomu, je unategemea kuweka paa baadae, lingeokoa hiyo.

Chemba nazo. Nimefukua mara tatu mabaraza mazuri kabisa, yamepigwa rangi na kila kitu, kutafuta mfuniko wa chemba ya maji taka uliofunikwa na zege kwa sababu fundi aliona unaharibu muonekano. Mara ya mwisho ilikuwa nyumba ya mama mmoja mwenye watoto wadogo wanne, choo kimerudisha maji mpaka koridoni, na sisi tunapiga nyundo kwa kubahatisha, shimo la kwanza hamna, la pili hamna, la tatu ndo tukausikia ule mlio wa uwazi chini. Mfuniko wa chemba hupandishwa ufikie usawa wa zege jipya, ni kazi ya saa moja.

Niseme pia kuhusu kile kipande cha nje, maana kwenye huo ugomvi wa mzee mimi mwenyewe mwanzoni niliona ofisi ya barabara wanaonea tu. Baadae nikaanza kuangalia. Kwenye mtaa mmoja niliokuwa nafanya kazi kuna dada anatumia kiti cha magurudumu, kila asubuhi anapita pembeni ya barabara kwenye njia ya waenda kwa miguu, akifika nyumba moja ambayo mwenye nayo amenyanyua zege lake likakata ile njia kwa mteremko mkali, kiti kinavutwa pembeni kuelekea kwenye magari, anashika gurudumu la juu kwa mikono miwili, anasubiri mtu amsukume. Kuna siku hakukuwa na mtu nikamsukuma mimi, na nikausikia mwenyewe uzito unavyovuta kwenda barabarani. Viwango vya Marekani vya watu wenye ulemavu vinasema mteremko wa pembeni kwenye njia ya kupita usizidi 1 kwa 48, yani kama sentimita 2 kwa mita, na sasa naelewa kwanini wameshika namba ndogo hivo. Kwahiyo kibali cha barabara nakiunga mkono kabisa. Ninachoomba ni kwamba mtu akiuliza kuhusu njia yake ya gari ajibiwe kuhusu njia yote, dirisha moja, fomu moja, nyie kwa nyie mkabidhiane faili huko ndani. Yeye hana namna ya kujua mpaka wa mamlaka zenu unapita wapi juu ya zege lake.

Foleni sasa. Ombi la baraza la mita za mraba 20 linakaa kwenye rundo moja na ombi la jengo la ghorofa nne, na linadaiwa michoro kama ya jengo la ghorofa nne. Matokeo yake nyie hamyaoni kwa sababu hamko site saa hizo, mimi nayaona. Mtu anasubiri wiki ya kwanza, ya pili, ya tano, kokoto yake iko nje inaibiwa na saruji inaanza kuganda kwenye mifuko, mwishowe anaita mafundi jumamosi usiku, taa moja ya waya, watu wanamwaga haraka haraka kabla mtu hajapiga simu, hakuna anayevuta kamba ya mteremko gizani, hakuna anayeweka biskuti. Zege baya nililowahi kuvunja karibu lote lilimwagwa usiku au sikukuu. Ucheleweshaji wenu unapika zege baya, nalisema hili kwa heshima lakini nalisema, maana mtu aliyekuwa tayari kukaguliwa mnamfanya awe mtu wa kujificha.

Kwa kazi ya jamvi la nyumbani mchoro wa ukurasa mmoja unatosha. Kiwanja kwa juu, nyumba iko wapi, zege litakaa wapi na vipimo vyake, umbali kutoka mpakani, mshale unaoonyesha maji yanaenda wapi, mabomba na waya na chemba zilizopo, na unene. Mwenye nyumba na fundi wake wanaweza kuuchora mezani jioni moja. Mpeni jibu ndani ya siku chache, na mpeni siku ya mkaguzi.

Najua jibu lenu, wakaguzi hawatoshi. Ni kweli hawatoshi. Basi tumieni simu, kila fundi ana simu yenye kamera. Picha ya kokoto imeshindiliwa na tepu imesimama pembeni yake, picha ya wayamesh juu ya biskuti, picha ya kamba na pimamaji kuonyesha mteremko, picha ya mabomba kabla hayajafunikwa, zitumwe kabla ya kumwaga, mtu wenu azipitie asubuhi hiyo hiyo na ajibu ndio au hapana. Alafu mkaguzi aende kwa kushtukiza kwenye chache. Kuna fundi atapiga picha ya kazi ya mtu mwingine, najua, wapo, huyo akikamatwa afungiwe na jina lake lijulikane kwa wateja, na nasema hivi nikiwa fundi. Mimi nipo tayari jina langu liandikwe kwenye kila kibali cha zege nililomwaga, likipasuka kwa uzembe nitafutwe mimi, maana saa hizi anayeandikiwa barua ni mwenye nyumba peke yake, ambaye hajui hata biskuti ni nini.

Na pale ambapo zege limeshamwagwa bila kibali na mnataka kulirasimisha, angalau mlipime. Lichimbwe pembeni kidogo muone chini kuna nini, litobolewe tundu moja katikati muone unene, na mwagieni ndoo mbili za maji karibu na ukuta msimame dakika tano muangalie yanaelekea wapi. Ndoo mbili za maji zinasema ukweli mwingi kuliko risiti ya faini.

Kitu kimoja cha mwisho kuhusu karatasi yenyewe ya kibali, upande wa nyuma uko mtupu. Andikeni pale mambo ambayo hakuna mkaguzi atakayekuwepo kuyaona, kwamba jamvi la sentimita 10 likatwe viungo, yani mistari ya kuongoza nyufa, kila mita 2.4 mpaka 3, mkato uingie robo ya unene, na usisubiri wiki, ukatwe ndani ya siku moja kabla zege halijachagua lenyewe pa kupasukia. Kwamba limwagiliwe au lifunikwe liwe na unyevu siku 7. Kwamba gari lisipande kabla ya hizo siku 7, na kama ni gari zito lisubiri mpaka siku 28. Wenye nyumba wanasoma karatasi yenye muhuri kuliko wanavyotusikiliza sisi mafundi, mtu unamwambia mwagilia anaona unamjazia bili ya maji.

Sasa hivi ninapoandika nina kazi moja imesimama. Ni njia ya gari ya mita za mraba 48, unene sentimita 12 na nusu kwa sababu lori la maji linaingia pale mara mbili kwa mwezi, mita za ujazo 6, zaidi ya tani 14 za zege. Fremu zimekaa, kokoto imeshindiliwa, biskuti ziko chini ya wayamesh, bomba la maji tumelishusha sentimita 40 na kulivalisha bomba kubwa juu yake, mteremko unaenda kwenye bustani ya mwenye nyumba. Ombi liko mezani kwenu hii wiki ya sita, lile la barabara nalo liko kwenye ofisi yake. Tumeufunika mtaro wa bomba kwa nailoni na mawe pembeni ili mvua isiujaze tope, na kila asubuhi kijana wangu anaenda kuyamwaga maji yaliyokusanyika juu ya ile nailoni. Mwenye nyumba ameshaniuliza mara mbili kama tusimwage tu usiku wa jumamosi. Nimemwambia tusubiri mkaguzi aje aone kilichopo chini. Kamba bado nimeiacha imevutwa kutoka ukutani, akija ataikuta.

Wenu, fundi zege